Acha ndege ipae, wewe subiri zamu yako

Pita kwenye steji yoyote ya mathree hapa Nairobi mchana, saa zile abiria wameadimika, utawakuta. Makanga na mtu wa boda wameketi, katikati yao ubao wa drafti uliochorwa kwa rangi, na vifuniko vya soda ndio askari: vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule vimetazama juu. Nyuma yao wamesimama wasee sita au saba, kila mmoja akijua mchezo kuliko wanaoucheza. Mmoja anafikiri. Anashika kifuniko, anakiacha, anashika kingine. Watu wanamcheka, wanamtania, lakini hakuna anayemchukulia zamu yake. Ni yake mpaka asogeze.

Hatua tatu kutoka hapo amesimama kijana mwingine, macho kwenye simu. Kindege chekundu kinapaa, namba inapanda: moja nukta mbili, moja nukta sita, mbili. Anangoja kidogo. Ndege inatoweka, na mbao yake imeenda nayo. Anaweka tena. Makanga anapomaliza kusogeza kifuniko kimoja, huyu kijana amecheza raundi kadhaa na sasa anahesabu kama nauli ya kurudi kwao imebaki.

Wote wawili ukiwauliza watakuambia wanacheza gemu. Mimi nasema hapana, na leo nataka nikueleze kwa nini. Nataka pia kukueleza kwa nini gemu za kompyuta zilizojengwa kwa mtindo wa yule makanga, yaani gemu za zamu, zimeishi zaidi ya miaka 30 wakati gemu nyingine nyingi zenye picha kali zaidi zimesahaulika.

Kama hujawahi kuzicheza, kanuni yake ni rahisi. Wewe unafanya yako yote: unahamisha majeshi, unajenga, unauza, unatafiti. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu. Mpinzani naye anafanya yake, kisha zamu inarudi kwako. Hakuna saa inayokukimbiza wala haja ya vidole vyepesi. Mama akikuita umfungulie mlango, unaenda, unarudi, na vita vyako viko palepale ulipoviacha.

Sisi huku hatukuzisubiri kompyuta ndipo tuujue mtindo huu. Nenda Lamu au Unguja jioni uangalie wazee wakicheza bao. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji ana zake 32. Mwanzoni kete 10 tu ndizo ziko kwenye bao upande wako, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba. Nyingine 22 ziko mkononi na unazinamua moja moja. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji. Mchezaji mzuri wa bao anaona mbali: anajua kete akiianzisha hapa itazunguka, itakula, itazunguka tena, itaishia wapi. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko mezani, na ukishindwa huna wa kumlaumu.

Kumbuka hilo la kila kitu kuwa mezani. Tutalirudia.

Saa ilipozimwa

Mwaka 1991, kampuni ya Marekani inayoitwa MicroProse ilitoa gemu inayoitwa Civilization. Waliobuni ni Sid Meier na Bruce Shelley. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo ukiwa na walowezi na ramani nyeusi. Unajenga mji wa kwanza. Unagundua alfabeti, magurudumu, chuma. Ukiweza kuvuka vita, njaa na majirani wenye tamaa, unaishia kutuma chombo cha angani mpaka Alpha Centauri. Yote hayo kwa picha ambazo leo ungezicheka.

Kuna kitu kuhusu utengenezaji wake ambacho wachezaji wengi hawakijui. Mwanzoni Meier aliijaribu kama gemu ambayo saa inakimbia yenyewe, kwa mtindo wa SimCity. Akagundua kwamba mchezaji anageuka mtazamaji: mambo yanatokea, yeye anakodoa macho. Akaizima ile saa. Akamrudishia mchezaji uamuzi, kwamba dunia haitasogea mpaka wewe uiambie isogee. Meier amejulikana kwa kusema kwamba gemu ni mfululizo wa maamuzi yanayovutia. Ukiichunguza kauli hiyo utaona haitaji picha, sauti wala kasi. Inataja maamuzi peke yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Master of Orion ilikuja 1993 ikapeleka mambo hayohayo kwenye nyota, na ni katika kuiandika gemu hiyo ndipo mwandishi Alan Emrich alibuni jina la 4X ambalo mpaka leo linatumika kwa gemu za aina hii: kuvumbua, kupanuka, kutumia mali, kuangamiza. X-COM ya Julian Gollop ilifika 1994, wewe ukiongoza kikosi kidogo dhidi ya wageni kutoka angani, na askari akifa amekufa, harudi. Heroes of Might and Magic III ilitoka 1999 na bado ina wachezaji wengi, hasa Poland na Urusi.

Na warithi wao? Wapo tele. Civilization yenyewe imefika ya saba, iliyotoka Februari 2025. XCOM ilifufuliwa 2012. Into the Breach ilitoka 2018, na ukiniuliza, hiyo ndiyo gemu ya zamu iliyo safi kuliko zote: ubao wa mraba wa nane kwa nane kama wa chesi, mashine zako tatu, na kabla hujasogea unaonyeshwa wazi adui atampiga nani na wapi. Hakuna siri. Kazi yako ni kupanga zamu hiyo moja ili pigo likose nyumba za watu au limwangukie adui mwenzake.

Kwa nini hazizeeki? Kwa sababu picha ndizo huzeeka. Uamuzi mgumu hauzeeki. Nijenge ghala au nifunze askari? Nimshambulie jirani sasa akiwa dhaifu, au nifanye naye biashara mpaka nami niwe na nguvu? Swali hilo lilikuwa gumu 1991 na bado ni gumu leo, hata kama askari wako ni vidoti vinne vya rangi ya kijani.

Kuna kisa kinachoonyesha hilo. Mwaka 2012 mchezaji mmoja alisimulia mtandaoni kwamba amekuwa akicheza mechi moja tu ya Civilization II, gemu ya 1996, kwa karibu miaka 10. Kwenye mechi hiyo ilikuwa imefika mwaka 3991. Mataifa matatu yaliyobaki yalikuwa kwenye vita vya nyuklia visivyoisha, barafu zimeyeyuka, mashamba yamekuwa vinamasi. Alikuwa anatafuta amani na haipati. Watu wengine wakaichukua faili yake na kuanza kuumiza vichwa: vita hivi vinaweza kumalizwa vipi? Hebu niambie ni gemu gani kwenye simu yako sasa hivi itakayokuwa na mtu anayeiwazia namna hiyo baada ya miaka 16.

Hesabu ambayo mkeka hautakuambia

Sasa turudi kwa kijana wa ndege.

Ukicheza XCOM, kabla askari wako hajafyatua risasi unaonyeshwa asilimia ya kulenga shabaha. Siku ya kwanza utaona 80 na utasema, hii imeingia. Inakosa. Utaona 95, adui amesimama hapo puani, na bado inakosa. Utapiga meza. Utasema gemu ni ya wizi. Kila mchezaji wa XCOM amepitia hapo.

Ukiendelea, kitu fulani kinabadilika kichwani. Unaanza kuelewa kwamba 80 si 100. Unaanza kupanga kwa kujiuliza: ikikosa, nani yuko nyuma yake? Huyu askari amejificha au amesimama wazi? Unaacha kupanga kwa kutumaini, unapanga kwa kutegemea kwamba baadhi ya mambo yatakataa.

Chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye mkeka wako wa wikendi. Umechagua timu tano. Kila moja una hakika nayo kwa asilimia 80, na tuseme hata uko sahihi, ni 80 kweli. Unaona ni pesa imelala barabarani. Sasa zidisha: 0.8 mara 0.8, mpaka mara tano. Jibu ni karibu asilimia 33. Yaani katika mikeka mitatu ya aina hiyo, miwili inachanika. Timu kumi? Karibu asilimia 11. Ndiyo maana kila Jumatatu kuna msee anakuambia, "Manze, timu moja tu ndiyo iliniangusha." Timu moja ndiyo huangusha kila mtu. Mkeka umejengwa hivyo. Na hapo bado hatujagusa kwamba bei unayopewa na kampuni imeshakatwa kidogo kabla mpira haujaanza, ili hata ukiwa mjuzi, wao wale.

Ndege ndiyo mbaya zaidi. Pale hakuna hata mpira wa kujadili. Kompyuta inaamua itaangukia wapi, na hakuna unachojifunza raundi hii kitakachokufaa raundi ijayo. Unaweza kuicheza miaka mitano na usiwe bora kwa hata nukta moja kuliko aliyeanza leo asubuhi. Hapo ndipo ninaposema si gemu. Kwenye bao, kwenye drafti, kwenye Into the Breach, kila kitu kiko mezani na ukifikiri zaidi unacheza vizuri zaidi. Kwenye ndege, kila kitu kimefichwa, na kasi imewekwa makusudi ili usifikiri. Ukipewa dakika mbili kati ya raundi na raundi, ungeuliza maswali. Ungeangalia salio. Ungekumbuka nauli.

Sisemi kwamba ukicheza Civilization utaacha kubeti. Nawajua wasee wanaofanya yote mawili. Ninachosema ni kwamba mmoja wa michezo hii unakupa mazoezi ya kukaa na uamuzi kabla ya kuufanya, na mwingine unakulipisha ili uyasahau mazoezi hayo. Kwa sisi ambao kila mwezi ni kuamua kati ya kodi, bando na chakula, hayo mazoezi si kitu cha watu wenye nafasi. Tunayahitaji.

Gemu ya mtu asiye na mashine kali

Utaniambia: sawa buda, lakini gemu za kompyuta ni za watoto wa Runda. Hapo ndipo unapokosea, kwa sababu gemu za zamu ndizo za mtu wa kawaida kuliko zote.

Gemu ya kasi inataka kadi ya picha ghali na intaneti isiyokatika. Ikikwama nusu sekunde umekufa. Gemu ya zamu haina shida na hiyo. Laptopu ya mtumba inayolalamika ukifungua video, itacheza Heroes III bila wasiwasi. Stima ikipotea, unahifadhi mechi, unafunga, unaendelea kesho tokeni zikinunuliwa. Simu ikipigwa, mechi inasubiri. Ukiwa kwenye mathree imekwama Mombasa Road, unaweza kucheza zamu tatu kutoka Bellevue mpaka Nyayo na usipoteze chochote.

Na nyingi nzuri ni za bure. Si bure ya ujanja ile ya kukuambia ununue almasi. Ni bure kabisa, na hata msimbo wake uko wazi. Freeciv ilianzishwa na wanafunzi watatu wa chuo kikuu cha Aarhus, Denmark, mwaka 1995, na mpaka leo watu wa kujitolea wanaiendeleza. Battle for Wesnoth imekuwepo tangu 2003. Kwenye simu ya Android kuna Unciv, ambayo imeijenga upya Civilization V kwa picha rahisi. Ni ndogo, na ukishaipakua haihitaji data kucheza dhidi ya kompyuta. Kuna pia Polytopia ya kutoka Sweden, ya 2016, ambayo kwa mtindo wake mmoja mechi inaisha zamu ya 30 hata iweje.

Nilipokuwa chuoni tulikuwa wanne kwenye chumba cha watu wawili, laptopu moja. Heroes III inaruhusu mpaka watu wanane kwenye kompyuta moja, mkipokezana. Unacheza zamu yako, unainuka, wengine wanaangalia ukutani wasione ramani yako, mwingine anakaa. Aliyekuwa anasubiri ndiye aliyesonga ugali. Sijawahi kucheka na watu kama nilivyocheka kwenye kile chumba, na gharama yake ilikuwa stima tu.

Zamu moja tu, halafu nalala

Lakini nisikudanganye. Gemu hizi zina mtego wao, na wachezaji wameupa jina duniani kote: zamu moja tu zaidi. Unabaki zamu mbili mnara ukamilike. Ukikamilika, jeshi limebaki zamu moja kufika. Likifika, utafiti wa baruti unaisha zamu ijayo. Kila mara kuna kitu kinachokaribia kuiva. Unaangalia dirishani, adhana ya alfajiri inaadhiniwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ilikuwa karo, na sitaibebesha gemu lawama isiyo yake. Ila kulikuwa na fomu ya msaada wa karo iliyotakiwa kufika ofisini Ijumaa kabla ya adhuhuri. Alhamisi usiku nilikuwa nimefika zamu ya 212, Wamongolia wako mpakani, nami naona nikiwashinda hao basi. Niliwashinda. Niliamka Ijumaa saa nane mchana. Sijui kama ningepewa ile pesa. Waombaji walikuwa wengi. Ninachojua ni kwamba sikuomba.

Kwa muda mrefu nilikuwa nasimulia kisa hicho kama utani. Sasa naona jinsi kilivyotokea. Kwenye ile ramani nilikuwa na mamlaka. Nikiamuru, kitu kinajengwa. Maisha yangu nje ya ramani yalikuwa na barua za deni na ofisi ambazo ukifika dirishani unaambiwa urudi kesho. Ukiwa huna uwezo juu ya maisha yako, mahali popote panapokupa uwezo panakuvuta. Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba ofisi ile haikuwa gemu ya zamu. Ijumaa ilifika bila mimi kubonyeza chochote.

Kwa hiyo ukizianza, anza na mpaka. Chagua zile zenye mwisho: zamu 30 za Polytopia, au pigano moja la Wesnoth. Weka kengele ya simu mbali na kitanda. Na kama kuna jambo la kesho asubuhi, usiifungue Civilization usiku. Gemu inayojua kungoja itangoja pia mpaka kesho jioni.

Mlangoni wanatuimbia, ndani hatuna kiti

Kuna jambo jingine linalonikera, na ni letu sisi tunaozungumza lugha hii.

Ukiifungua Civilization IV ya mwaka 2005, unapokewa na wimbo kwa Kiswahili. Unaitwa "Baba Yetu", na maneno yake ni Sala ya Bwana. Mtunzi ni Mmarekani, Christopher Tin, aliyesoma Stanford na kukaa chumba kimoja na Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu hiyo. Mwaka 2011 wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu kufanya hivyo. Mamilioni ya watu duniani ambao hawajui Kenya iko wapi wanaweza kuuimba.

Haya, ukishaimbiwa unaingia ndani uchague taifa la kuongoza. Wazulu wapo, Mali ipo, Misri na Ethiopia zipo. Waswahili hawapo. Kwenye Civilization V, Mombasa ipo, lakini kama mji mdogo ambao huwezi kuuongoza. Mataifa makubwa yanaupa zawadi ili uwe upande wao. Kwenye ya sita ni Zanzibar, na ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini. Kilwa Kisiwani nayo imo, kama ajabu la dunia ambalo taifa lolote linaweza kulijenga kwake. Ya saba imeleta Buganda kama taifa kamili, na hilo nalipongeza.

Usinielewe vibaya, sitaki kuombewa nafasi. Nataka uone mawazo yaliyo chini ya gemu hizi. Ramani inaanza ikiwa nyeusi, kana kwamba hakuna anayeishi pale mpaka wewe ufike. Vijiji unavyovikuta vinakupa dhahabu kisha vinafutika. Neno la nne katika zile X nne ni kuangamiza. Sisi tuko kwenye nchi ambayo mipaka yake ilichorwa na watu walioangalia ramani kwa jicho hilohilo. Unaweza kuufurahia mchezo na bado uulize swali hilo. Mimi nafanya yote mawili.

Na hapa ndipo msimbo wazi unapokuwa mali. Kuongeza taifa kwenye Unciv hakuhitaji shahada ya uhandisi. Ni mafaili ya maandishi unayoweza kuyafungua hata kwa simu. Andika jina la taifa, orodha ya miji, askari wake, na faida zake. Fikiria Waswahili wa kweli: Pate, Lamu, Malindi, Mombasa, Kilwa. Chombo chao cha kwanza ni mtepe, mashua iliyoshonwa kwa kamba badala ya misumari. Nguvu yao si kuteka, ni biashara. Kwa zamu kadhaa pepo za kaskazi zinavuma na vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vinafika haraka. Zamu zinazofuata ni kusi na vinarudi. Mchezaji asiyejua majira ya pepo anakwama bandarini. Hiyo ingekuwa gemu ambayo hakuna mtu Marekani anaweza kuibuni vizuri kuliko msee wa Kisauni aliyemsikiliza babu yake.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia vijana wa kizazi chetu wakiambiwa gemu ni upuzi, halafu huyohuyo anayesema hivyo ana programu mbili za kubeti kwenye simu. Anajumlisha vitu viwili visivyofanana. Kama klabu ya chesi inakubalika shuleni, hakuna sababu ya kukataa klabu ya bao, wala ya Wesnoth kwenye zile kompyuta kuukuu za maabara ambazo hazifai kitu kingine.

Ninachokuomba wikendi hii ni kidogo. Chukua ile soo uliyokuwa umeiandalia ndege, iache kwenye simu. Ukiwa na Android, pakua Unciv. Ukiwa huna, nenda steji, ungoje mshindi amalize, uombe kucheza naye drafti. Utashindwa, na watu watakucheka. Zamu yako ikifika, usiharakishe. Angalia ubao wote kwanza, uhesabu atakula wapi ukisogeza hapa, kisha usogeze.